Zana ya kutengeneza kisakinishi: ipime kwa toleo la pili

Mtu akiniuliza atumie zana gani kutengeneza kisakinishi, humrudishia swali: toleo la pili litamfikiaje yule aliyekwisha kusakinisha la kwanza? Karibu kila zana iliyopo leo inaweza kunakili faili, kuweka njia ya mkato kwenye menyu na kuonyesha kitufe cha kuendelea. Hapo hazipishani sana. Zinapishana pale toleo jipya linapokuta la zamani bado limefunguliwa, pale mtumiaji anapoiondoa programu akitarajia kumbukumbu zake zibaki, na pale msimamizi wa mtandao anapotaka kuisambaza kwenye kompyuta mia bila kubofya chochote. Mimi hutengeneza programu za hesabu na za stoo, ambazo hukaa kwenye kompyuta za watu kwa miaka. Data iliyomo ndani yake ina thamani kuliko programu yenyewe, na ushauri wote ulio hapa umetoka kwenye hofu hiyo.

Mjue kwanza atakayesakinisha

Kabla hujapakua zana yoyote, andika mahali: programu itatumika kwenye mfumo gani, anayeisakinisha ana haki za msimamizi au hana, ni mtu mmoja au ni idara ya teknolojia inayohudumia kompyuta nyingi, na je, programu inahitaji draiva au huduma inayofanya kazi chinichini, au ni faili tu?

Suala la haki za msimamizi ndilo husahaulika. Tangu Windows Vista, kisakinishi kinachoandika ndani ya Program Files lazima kiombe ruhusa, na mfanyakazi wa kawaida ofisini hana nenosiri la kuitoa. Kama huna draiva wala huduma, weka programu kwenye folda ya mtumiaji mwenyewe, %LocalAppData%\Programs. Ruhusa haitaombwa siku ya kwanza wala siku ya kusasisha. Visual Studio Code hutoa visakinishi viwili, cha mtumiaji mmoja na cha kompyuta nzima, na huo ni mpango wa kuigwa.

Kwa upande mwingine, idara inayosambaza programu kwa Group Policy (utaratibu wa Windows wa kusimamia kompyuta nyingi kutoka mahali pamoja) itakudai faili ya MSI, muundo wa kisakinishi ambao Windows yenyewe huutekeleza. Uliza mapema, kwa sababu jibu hilo peke yake linaweza kukufutia nusu ya orodha.

Inno Setup, ninapoanzia

Kwa programu ya Windows isiyo na mahitaji ya ajabu, naanza na Inno Setup ya Jordan Russell. Ilitoka mwaka 1997, ni ya bure ingawa wanaoitumia kibiashara huombwa kununua leseni, na inatunzwa hadi leo. Git for Windows na Visual Studio Code, zote mbili husambazwa kwa kisakinishi kilichotengenezwa nayo. Unaandika skripti ya maandishi ya kawaida yenye kiishio cha .iss, unaihifadhi kwenye Git (mfumo wa kutunza matoleo ya msimbo) pamoja na msimbo wako, kisha ISCC.exe, kikusanyaji cha Inno, inaigeuza kuwa faili moja ya .exe. Kwa kuwa ISCC huendeshwa kwa amri, seva yako inaweza kujenga kisakinishi kila unapotoa toleo.

Mstari ninaouangalia kwanza katika skripti ya mtu ni AppId. Huo ndio utambulisho wa programu yako mbele ya kisakinishi. Tengeneza GUID (namba ndefu ya utambulisho isiyojirudia) mara moja, uiweke, usiibadilishe tena hata jina la programu likibadilika. Ikibadilika, toleo jipya halitajua kwamba la zamani lipo, na mtumiaji ataona programu mbili kwenye orodha yake. Ikibaki ileile, Inno huendelea kuandika kwenye daftari lilelile la kuondolea, kwa hiyo kiondoaji hujua faili zilizowekwa na matoleo yote.

Kuhusu haki za msimamizi, weka PrivilegesRequired=lowest, na ukitaka kumpa mtumiaji nafasi ya kuchagua, ongeza PrivilegesRequiredOverridesAllowed=dialog. Kwa faili ya mipangilio ambayo mtumiaji ataihariri, tumia bendera mbili pamoja, yaani maneno ya maelekezo kwenye mstari wa faili hiyo: onlyifdoesntexist, ili toleo jipya lisiifute, na uninsneveruninstall, ili kuondoa programu kusiende nayo.

Hizi bendera mbili nazisisitiza kwa sababu ya tabia moja niliyoiona tena na tena katika kuwahudumia wateja. Mhasibu akisikia kuna toleo jipya, huondoa kwanza la zamani ili "lisigongane", halafu ndipo asakinishe. Hakuna maelekezo yatakayomwachisha, na kwa upande wake ni busara kabisa. Basi kiondoaji chako kiandikwe kana kwamba kila anayekitumia atarudi kesho kutafuta vitabu vyake. Inno inakusaidia: faili ambazo programu ilizitengeneza yenyewe ikiwa kazini haziguswi, mpaka uzitaje kwenye sehemu ya [UninstallDelete]. Usiandike humo kwamba kila kilicho ndani ya folda ya programu kifutwe. Mwongozo wa Inno wenyewe unaonya juu ya jambo hilo.

NSIS: uhuru mwingi, ulinzi kidogo

NSIS ilizaliwa Nullsoft, kampuni iliyotengeneza Winamp, na lengo lake lilikuwa udogo. Mzigo inaouongeza juu ya faili zako ni makumi machache tu ya kilobaiti. Wanaotengeneza programu kwa Electron (mfumo wa kujenga programu za kompyuta kwa teknolojia za wavuti) huitumia mara nyingi bila kuichagua, kwa sababu electron-builder, zana ya kuzifungasha, huitumia kama chaguo-msingi kwenye Windows.

Lugha yake iko karibu na mashine: unasukuma thamani kwenye rundo, unazitoa, unaruka kwa Goto. Unaweza kufanya karibu lolote. Lakini NSIS haikuandalii daftari la kilichosakinishwa. Sehemu ya kuondoa unaiandika mwenyewe, faili kwa faili, na hapo ndipo watu huchoka na kuandika RMDir /r $INSTDIR, yaani futa folda ya usakinishaji na vyote vilivyomo. Sasa fikiria mtumiaji aliyechagua kusakinisha moja kwa moja kwenye D:\ au kwenye Desktop. Siku atakapoondoa programu, kila alichokuwa nacho hapo kinafutwa. Ukichagua NSIS, zitaje faili zako moja moja, au jengo lako lizitengenezee orodha hiyo, kisha umalizie kwa RMDir bila /r, ambayo hufuta folda ikiwa tu ni tupu.

Pia mfahamishe msimamizi wa mtandao kwamba usakinishaji wa kimya huitwa kwa /S yenye herufi kubwa, na kwamba /D= ya kuchagua folda lazima iwe ya mwisho na isiwekewe alama za nukuu hata njia ikiwa na nafasi. Inno yenyewe hutumia /VERYSILENT na /LOG.

MSI na WiX, pale mashirika yanapohusika

Faili ya MSI haifanani na hizo mbili. Ni hifadhidata yenye majedwali yanayoeleza hali ambayo kompyuta inatakiwa ifikie, na Windows Installer, iliyokuja pamoja na Office 2000, ndiyo hutekeleza. Kazi ikikwama katikati, mfumo hurudisha mambo yalivyokuwa. Faili ikiharibika, inaweza kurekebishwa. Msimamizi huandika msiexec /i programu.msi /qn /L*v ripoti.txt na kupata usakinishaji wa kimya wenye ripoti kamili, akitumia amri ileile aliyoizoea kwa kila MSI nyingine. Kwake hiyo ni nafuu kubwa.

Kuitengeneza kwa WiX, zana ambayo Microsoft iliifanya huria mwaka 2004, kunadai subira. Unaandika XML, na lazima uelewe vitambulisho viwili. UpgradeCode haibadiliki maisha yote ya programu. ProductCode hubadilika kwa kila sasisho kubwa. Kipengele cha MajorUpgrade hushughulikia mengi, lakini kuna mtego mmoja hakikuokoi nao: Windows Installer hulinganisha sehemu tatu za kwanza tu za namba ya toleo. Kwake 2.1.0.5 na 2.1.0.6 ni kitu kimoja. Kama timu yako hupandisha namba ya nne kwa kila marekebisho, badilisheni utaratibu huo kabla ya kuhamia MSI.

Jizuie pia kuandika vitendo vyako maalumu ndani ya MSI. Vile vinavyoendeshwa na haki za juu huendeshwa kwa akaunti ya mfumo, kwa hiyo "folda ya mtumiaji" vinayoiona si ya yule aliyeketi mbele ya kompyuta. Kazi kama kuandaa hifadhidata iache ifanywe na programu yenyewe inapofunguliwa mara ya kwanza. Hapo itafanya kazi na zana yoyote utakayohamia baadaye.

Kama hakuna kwenye timu anayetaka kushughulika na XML, InstallShield na Advanced Installer ni zana za kulipia zinazokupa madirisha ya kujaza. Ninachotaka kwao ni kimoja: mradi uweze kujengwa kwa amri kwenye seva, bila mtu kubofya.

MSIX, muundo mpya zaidi wa vifurushi wa Microsoft wa mwaka 2018, ina uondoaji safi kuliko zote, na kwa programu za data hapo ndipo pa kuangalia mara mbili. Programu inapoandika AppData (folda ya Windows ya data za programu), maandishi hayo huelekezwa kwenye hifadhi yake ya faragha, na programu ikiondolewa hifadhi hiyo huenda nayo. Mhasibu wetu anayeondoa kwanza atapoteza kila kitu kilichokuwa humo. Ukiitaka MSIX, weka vitabu vyake kwenye Documents au mahali atakapopachagua mwenyewe. Na kumbuka haikubali kifurushi kisicho na sahihi ya kidijitali, inayothibitisha nani amekitoa.

Nje ya Windows

Kuna zana zinazoahidi kisakinishi kimoja kwa mifumo yote: install4j kwa Java, Qt Installer Framework, InstallBuilder. Zinafanya kazi, lakini mimi hupendelea kila mfumo upewe kile watumiaji wake walichozoea. Kwa Java, jpackage imo rasmi ndani ya JDK (kifurushi cha zana za Java) tangu toleo la 16 la mwaka 2021, nayo hutoa MSI, DMG, PKG, deb au rpm. Sharti lake ni kwamba kila kifurushi kijengwe kwenye mfumo wake, na kwenye Windows inaitegemea WiX.

Kwenye macOS, DMG (faili inayofunguka kama diski) ambayo mtumiaji anaburuta programu hadi Applications inatosha, isipokuwa unahitaji kuweka vitu nje ya hapo. Ndipo utengeneze PKG, kisakinishi kamili cha macOS. Tangu macOS 10.15, programu inayosambazwa nje ya App Store inatakiwa itiwe sahihi na pia ithibitishwe na Apple, la sivyo Gatekeeper, mlinzi wa macOS, itaizuia. Kwenye Linux, deb na rpm huingia katika utaratibu wa masasisho wa mfumo, Flatpak hubeba maktaba zake, na AppImage ni faili moja unayoipa ruhusa ya kuendeshwa, kisha unaiendesha.

Sahihi

Kisakinishi cha Windows kisicho na sahihi hukutana na SmartScreen, onyo la Windows dhidi ya programu isiyojulikana, na watu wengi huishia hapo. Tangu 1 Juni 2023, ufunguo wa siri wa vyeti vya kutia sahihi msimbo lazima ukae kwenye kifaa maalumu cha usalama au huduma inayolingana nacho, kwa hiyo panga jinsi seva yako ya kujengea itakavyoufikia. Tia sahihi pamoja na muhuri wa saa; bila muhuri, sahihi hufa siku cheti kinapoisha muda. Kitie sahihi kiondoaji pia. Katika Inno, SignTool ikishawekwa, SignedUninstaller hulishughulikia hilo.

Jaribio la kuamulia

Ukibakiwa na zana mbili, tengeneza kisakinishi kidogo kwa kila moja na ukipeleke kwenye mashine pepe (kompyuta inayoigizwa ndani ya kompyuta yako) yenye Windows mpya na akaunti isiyo ya msimamizi. Jina la mtumiaji liwe na nafasi katikati. Sakinisha toleo la kwanza, ingiza data, iache programu wazi, kisha sakinisha la pili juu yake. Rudi nyuma, uruke kutoka la kwanza hadi la tatu. Izime mashine usakinishaji ukiwa katikati na uone inaamkaje. Halafu ondoa, tazama kilichobaki kwenye diski na kwenye rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows), sakinisha upya, na uangalie kama data imerudi.

Na kama toleo la kwanza lilishatoka kwa zana nyingine, kisakinishi kipya kina kazi ya ziada ya kumwondoa mtangulizi wake. Soma UninstallString, amri ya kuiondoa iliyoandikwa kwenye rejista, chini ya Software\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Uninstall, ukitafuta kwenye HKLM (tawi la kompyuta nzima) na HKCU (tawi la mtumiaji), na upande wa biti 32 pia. Kiondoaji cha NSIS hujinakili kwenye folda ya muda na kurudisha jibu papo hapo, kabla hakijamaliza kufuta, kwa hiyo kisakinishi chako kitaanza kuandika faili huku kingine bado kinazifuta. Kiite kwa /S pamoja na _?= ikifuatiwa na njia ya folda ya zamani, bila nukuu na mwishoni mwa amri. Hapo kitasubiriwa hadi kimalize, ila hakitajifuta chenyewe, kwa hiyo faili yake uifute wewe.