SOMO: Jinsi ya kukagua raifo used kabla hujatoa hela yako

Wakuu habari zenu. Maswali ya raifo used yamekuwa mengi na karibu yote yanaanzia kwenye jina, mara Mauser ni nzuri, mara Tikka inaizidi CZ, mara mtu kaona Lee-Enfield anataka kujua kama achukue. Stori za majina nazipenda sana na huwa sichoki kuzipiga, ila ukishasimama mbele ya bunduki ya mtu mwingine jina linakusaidia kidogo mno, maana raifo ya jina kubwa iliyoliwa mtutu haikupi shabaha, na ile isiyo na jina iliyotunzwa vizuri inakupa. Unachonunua ni mtutu, chemba (pale risasi inapokaa ikisubiri kupigwa) na bolti (kile chuma unachokivuta kwa mkono, kinachoingiza risasi na kufunga nyuma yake). Mbao, mkanda, darubini, hivyo vyote vinabadilishika. Naongelea raifo za bolti tu, za shabaha na za mawindo, semi-otomatiki, zile zinazojijaza risasi zenyewe, zina mambo yake.

Beba tochi ndogo yenye mwanga mkali, fimbo ya kusafishia na vitambaa vya pamba, kipande cha karatasi, na risasi bandia za saizi ya hiyo bunduki.

Hatua ya kwanza: hakikisha iko tupu, wewe mwenyewe
Muuzaji akikwambia haina risasi mshukuru halafu fungua bolti, toa magazini, tazama chemba kwa macho na uipapase kwa kidole. Mdomo wa mtutu usielekee mtu muda wote wa ukaguzi. Muuzaji mzoefu hatakasirika, tena ndio ataanza kukuamini.

Hatua ya pili: namba na karatasi
Soma namba iliyogongwa kwenye mwili wa bunduki, ilinganishe na leseni ya muuzaji, tarakimu kwa tarakimu. Ikiwa imesuguliwa au imegongwa upya juu ya nyingine, ondoka, usiulize hata bei. Utaratibu wa kuhamisha umiliki ufuate sheria ya ulipo na ukamilike kabla bunduki haijabadilisha mkono, habari za "chukua tu karatasi zitafuata" zimewatia watu matatani.

Kwenye bunduki za zamani za jeshi angalia pia namba ya bolti. Lee-Enfield kwa mfano bolti yake ilifitishwa kwa bunduki yake na namba ikagongwa kwenye shina la mkono wa bolti, kwa hiyo namba zikitofautiana ujue bolti imetoka kwingine na lazima upime nafasi ya chemba, tutafika huko.

Hatua ya tatu: mtutu (hapa usiharakishe)
Toa bolti, mulika tochi kutokea upande wa chemba na wewe chungulia mdomoni, kisha geuza. Unatafuta mifereji (ile inayojizungusha ndani ya mtutu na kuipa risasi mzunguko) yenye kingo kali zinazong'aa mwanzo hadi mwisho. Ukiona giza usikate tamaa mapema, inaweza kuwa uchafu tu, omba ruhusa upitishe kitambaa chenye dawa ya kusafishia mara kadhaa halafu mulika tena. Kitambaa kikitoka na rangi ya bluu au kijani hiyo ni shaba ya vichwa vya risasi, inasafishika. Lakini kama baada ya kusafisha bado kuna vidoadoa vyeusi visivyotoka, hivyo ni vishimo vya kutu na vitabaki hapo maisha yote.

Vishimo hivi utavikuta sana kwenye Mosin-Nagant, Lee-Enfield na Mauser za jeshi. Sababu ni kwamba risasi nyingi za kijeshi za zamani zilikuwa na fataki (kile kinachowasha baruti) yenye kemikali inayoacha chumvi ndani ya mtutu, na chumvi inavuta unyevu. Mafuta hayayeyushi chumvi, maji ndiyo yanayoiyeyusha, kwa hiyo askari aliyepaka mafuta tu bila kuosha kwa maji aliacha kutu ikiendelea kula chini ya mafuta. Mtutu wenye vishimo vichache bado unaweza kulenga vizuri tu, ila unachafuka haraka na kusafisha ni kazi, kwa hiyo bei ishuke.

Kitu kinachonifanya niirudishe bunduki hapohapo ni kivuli cha mduara ndani ya mtutu, kama pete. Maana yake mtutu umevimba, kuna siku risasi ilikwama ndani na nyingine ikapigwa nyuma yake. Pitisha na vidole taratibu juu ya mtutu kwa nje, wakati mwingine uvimbe unausikia.

Halafu angalia pale mifereji inapoanzia, mbele kidogo ya chemba. Hapo ndipo moto wa baruti unapopiga kwanza, na mtutu uliopigishwa sana chuma chake kinapasukapasuka kama udongo wa bwawa lililokauka. Kwa macho matupu ni vigumu kuona, kamera ndogo ya waya inasaidia. Kaliba inasema mengi hapa, .22 LR mtutu wake hauchoki leo wala kesho, .308 inavumilia sana, lakini zile za kasi zinazounguza baruti nyingi kwenye tundu jembamba kama .264 Winchester Magnum zinakula mtutu mapema, kwa hiyo "imepigwa kidogo tu" ya .264 na ya .308 hazilingani.

Mwisho ukingo wa mdomo. Ukiwa na mkwaruzo au umelika upande mmoja risasi inatoka imesukumwa pembeni. Wengi waliharibu midomo kwa kusafisha na fimbo ya chuma kutokea mbele. Baadhi ya Mosin zilitobolewa upya mdomoni karakana za jeshi ili kuondoa sehemu iliyolika, kwa hiyo ukikuta mwisho wa mtutu hauna mifereji kabisa usishtuke, hiyo ni rekebisho na nyingi zinapiga vizuri.

Hatua ya nne: bolti, sefti na triga
Omba ruhusa, weka risasi bandia. Koki (fungua na ufunge bolti iwe tayari kupiga), weka sefti (kizuizi cha usalama), vuta triga kwa nguvu, achia, kisha toa sefti bila kugusa triga. Ikifyatuka, ni hatari hiyo. Koki tena, sefti ikiwa imetolewa, gonga kitako chini kwenye mpira au zulia, kisha funga bolti kwa nguvu mara kadhaa. Isifyatuke popote. Tazama pia uso wa bolti, kuzunguka tundu la pini inayogonga risasi kusiwe na vishimo vilivyochimbwa na moto, na kucha inayovuta ganda iwe nzima na itoe risasi bandia bila kubabaika.

Hatua ya tano: nafasi ya chemba
Hii ni nafasi kati ya uso wa bolti na pale ganda linapokomea ndani ya chemba. Ikizidi ganda linaweza kupasuka na moshi wa moto ukarudi usoni kwako. Inapimwa kwa geji za kaliba husika, vipande vya chuma vya vipimo maalumu unavyoweka kwenye chemba, bolti inatakiwa ifunge kwenye geji iliyoandikwa GO na isifunge kwenye NO-GO. Ikifunga hata kwenye FIELD, iliyo ndefu kuliko zote, hiyo bunduki haipigwi mpaka fundi airekebishe. Huna geji? Lipa fundi, ni gharama ndogo kuliko jicho.

Hatua ya sita: mbao na skrubu
Nyufa ziko shingoni mwa kitako na nyuma ya mkia wa mwili wa bunduki, mulika hapo. Skrubu zilizotafunwa vichwa zinakuonyesha mtu asiye fundi alikuwa anafungua. Herufi za kiwandani zikiwa na kingo zilizofifia ujue chuma kilisuguliwa na kupakwa rangi upya, na swali ni kutu ipi ilikuwa inafichwa. Muuzaji akikubali ng'oa mbao, kutu mbaya inakaa chini ya usawa wa mbao. Ile karatasi pitisha kati ya mtutu na mbao, kwenye raifo nyingi za kisasa inatakiwa ipite bila kukwama.

Hatua ya saba: ipige
Ikiwezekana mkutane uwanja wa shabaha. Risasi tano mita 100 kutokea kwenye kiegemeo. Raifo nzuri ya kisasa ikizikusanya ndani ya sentimita 3 au 4 chukua, ya zamani ya jeshi hata sentimita 10 sio mbaya. Okota maganda uyaangalie, ganda lenye mstari unaong'aa kuzunguka karibu na kitako chake linataka kukatika, rudi hatua ya tano.

MASWALI

Mlenga Mbali: Mkuu asante kwa somo. Nimepata Lee-Enfield No. 4 nzuri ila karatasi inakwama kwenye mbao mbele, niiache?

Jibu: Usiiache kwa hilo. No. 4 ilitengenezwa mbao ya mbele iusukume mtutu kwa juu kidogo, ukiichonga ili karatasi ipite utaiharibu. Pima nafasi ya chemba, na uzuri wake kichwa cha bolti kinabadilishwa, viko vya namba 0 mpaka 3, kwa hiyo ikiwa imezidi kidogo fundi anakuwekea namba ya juu. Naipenda sana hii bunduki, hakuna bolti ya kijeshi inayokimbia kama ile.

Dada Shabaha: Mimi naanza, nimeambiwa nichukue .308 moja kwa moja nisipoteze muda na .22. Ni kweli?

Jibu: Hapana dada yangu. Anza na .22, ya bolti kama CZ 452, au ya semi-otomatiki kama Ruger 10/22 ambayo ipo tangu 1964 na vipuri vyake havisumbui kupata. Risasi ni za bei rahisi, haipigi bega, na kosa la kuvuta triga vibaya utaliona kwenye karatasi badala ya kulificha ndani ya kishindo. Ila ukikagua .22 ya zamani usivute triga bila kitu ndani, kwenye baadhi pini inagonga ukingo wa chemba na kuuharibu.

Kitako Mbao: Hapa kuna Springfield 1903, muuzaji anasema ni ya mwanzo kabisa ndio maana bei iko juu.

Jibu: Soma namba kwanza. Za Springfield Armory chini ya 800,000 na za Rock Island chini ya 285,507 chuma chake kilipashwa moto kupita kiasi na baadhi zilipasuka. Kama ni ya kutundika ukutani sawa, kama ni ya kupiga mimi siwezi kukushauri.

Mgeni wa Fani: Na Remington 700? Naambiwa triga zake zina kesi.

Jibu: 2014 kampuni yenyewe iliita zirudi zile zenye triga ya X-Mark Pro, zilizotengenezwa kuanzia Mei 2006 mpaka Aprili 2014, kwa sababu zingeweza kufyatuka zenyewe. Muulize muuzaji kama ilirudishwa ikarekebishwa. Na triga za zamani kabla ya hapo zililalamikiwa pia, kwa hiyo fanya hatua ya nne yote, na mimi ningeweka triga mpya ya kampuni nyingine kabla ya kwenda nayo uwanjani. Mwili wa 700 wenyewe ni mzuri, ndio maana watu wengi wa shabaha wanaujengea juu yake.

Mlenga Mbali: Nimerudi mkuu, bolti imefunga kwenye NO-GO ila FIELD imekataa. Muuzaji anasema ni kawaida.

Jibu: Kwa bunduki ya jeshi hapo hajadanganya, bado inapigika. Ila usilipe bei ya ile iliyokataa NO-GO, toa gharama ya kichwa kipya cha bolti na ya fundi kwenye bei aliyotaja. Angalia na kichwa kilichopo sasa ni namba ngapi, kama tayari ni 3 huna pa kupanda, hiyo mwachie.