Kuchora chati ya waliompa Somalia silaha

Chukua karatasi ya manila na kalamu nne za rangi. Mimi huitandaza kwenye daka la nyumba yetu hapa Lamu na kuikandamiza pembe kwa mawe, maana upepo wa kusi hauna adabu.

Usianze na majina ya vifaru. Mwaka wangu wa kwanza niliandika ubaoni "Urusi, kisha Marekani", vijana wakakariri kama tenzi. Mmoja, ambaye bibi yake ametoka Kismayu, Somalia, akauliza: "Mwalimu, kwani Somalia na Urusi waligombana kwa nini?" Nikababaika. Tangu hapo naanza na mnunuzi: alitaka nini, akanyimwa nini?

Kushoto kabisa andika 1960, mwaka wa uhuru. Kisha 1963: nchi za Magharibi ziko tayari kusaidia kwa dola milioni 10 hivi, za jeshi dogo. Somalia inataka jeshi kubwa, kwa kuwa inadai maeneo ya Wasomali yaliyo Ethiopia na Kenya. Moscow, yaani Muungano wa Kisovieti, inatoa mkopo wa kama milioni 30. Basi shika kalamu nyekundu, ya Wasovieti. Hapa tua kidogo. Mtoto aliyewahi kwenda Kiunga, karibu na mpaka wa Somalia, kwa mashua ataelewa mpaka ni kitu gani.

Nyekundu inaendelea, inapita mkataba wa urafiki wa Somalia na Moscow wa 1974, hadi 1977. Mwaka huo upe nafasi ya kiganja kizima. Julai Somalia inaingia Ogaden, eneo la Wasomali lililo Ethiopia, na vifaru vya Kisovieti. Moscow inaegemea Ethiopia, iliyokuwa mteja wa Marekani. Tarehe 13 Novemba Siad Barre, rais wa Somalia, anawafukuza Warusi. Chora mistari ya Somalia na Ethiopia ikipishana. Darasa langu huangua kicheko: "Wamebadilishana duka!"

Kosa la wengi ni kuanza rangi ya bluu, ya Marekani, papo hapo. Makubaliano na Marekani, bandari ya Berbera kwa msaada wa kijeshi, ni ya Agosti 1980. Italia na China wape kijani. Nyekundu nayo usiikate, iendeleze kwa nukta: ndege za kivita za Kisovieti, MiG, zilibaki, vipuri ndivyo vilivyokatika. Mwenye mashine ya boti haelezwi zaidi.

Januari 1992 piga mstari mweusi, vikwazo vya silaha vya Umoja wa Mataifa. Acha nafasi kulia. Mimi sikuacha, serikali ilipoondolewa vikwazo Desemba 2023 nikaunga kipande kwa gundi ya unga wa ngano, na mpaka leo kinajikunja.