Kumtafutia mzazi nyumba ndogo ya malezi katika jimbo la Washington

Katika jimbo la Washington nchini Marekani, mzee asiyeweza tena kuachwa peke yake, na ambaye watoto wake wote wanafanya kazi za zamu, anaweza kulelewa katika nyumba ya kawaida ya mtaani iliyopewa leseni ya kutunza watu wazima wasiozidi sita. Tangu mwaka 2020 sheria inaruhusu baadhi ya nyumba hizo kufikisha wanane. Wenyeji huziita AFH, kifupi cha Adult Family Home, na katika miji kama Kent, Federal Way na Tacoma nyingi zinaendeshwa na wahamiaji, wakiwemo ndugu zetu kutoka Kenya na Ethiopia.

Hapo ndipo wengi wetu tunapoharakisha. Tukisikia kwamba mwenye nyumba ni mtu wa kwetu, tena tunasali naye, tunaona aibu kumuuliza maswali, na mama anahamishwa wiki hiyo hiyo. Lugha na chakula ni mambo makubwa kwa mzee, hasa mwenye ugonjwa wa kusahau, kwa sababu lugha iliyojifunzwa ukubwani mara nyingi hupotea mapema na ile ya utotoni hubaki. Kwa hiyo mhudumu anayejua Kiswahili, Kikuyu au Kisomali ni neema kweli. Lakini undugu hauonyeshi kama dawa zinatolewa kwa wakati. Linaloonyesha hilo ni ripoti za ukaguzi za DSHS, idara ya jimbo inayotoa leseni, ambazo huwekwa kwenye tovuti yake pamoja na adhabu zozote zilizotolewa. Zisomeni kabla ya kwenda kuiona nyumba. Kasoro moja ya makaratasi isiwatishe. Kasoro ya dawa au ya usalama iliyorudiwa katika ukaguzi mbili mfululizo iwatishe sana.

Mkifika, ulizeni kwanza juu ya usiku. Nyumba ndogo ina wahudumu wachache, na baada ya chakula cha jioni mara nyingi hubaki mmoja. Je, mhudumu huyo anakesha, au analala na kuamshwa kwa kengele? Baba akianguka chooni saa tisa za usiku, naye ni mzito, nani atasaidia kumwinua? Mama asiyeweza kujigeuza kitandani anageuzwa baada ya muda gani, na nepi yake inabadilishwa saa ngapi? Mwenye nyumba anayeijua kazi yake atawajibu kwa majina na saa. Akijibu kwamba Mungu yupo na wazee wote wanalala vizuri, endeleeni kutafuta.

Rudini mara ya pili jioni au mwisho wa wiki, baada ya kuomba ruhusa ya kuwatembelea. Angalieni kama wazee wako mezani au wamepangwa mbele ya televisheni, kama kucha zao zimekatwa, na kama mhudumu anamlisha mzee akiwa ameketi naye au akiwa amesimama huku anatazama simu. Kwa maoni yangu kucha humweleza mlezi kuliko mapazia mapya. Tazameni pia choo: vyuma vya kushikia ukutani, sakafu isiyoteleza, na nafasi ya kiti cha magurudumu kugeuka. Kwa familia za Kiislamu, ulizeni wazi juu ya nyama halali, maji ya udhu, na kama mama ataogeshwa na mwanamke siku zote, pamoja na siku za mapumziko ya mhudumu wa kawaida.

Ikiwa mzee anadungwa insulini, jueni kwamba mhudumu haruhusiwi kufanya hivyo kwa kujifundisha mwenyewe. Muuguzi aliyesajiliwa humfundisha, humkabidhi kazi hiyo kwa maandishi na kuifuatilia. Ulizeni muuguzi huyo ni nani na huja lini. Vilevile, nyumba inayopokea wenye ugonjwa wa kusahau inapaswa kuwa na kibali maalumu cha huduma hiyo.

Sasa fedha, maana ndizo zinazovunja familia. Medicare, bima ya afya ya serikali kuu kwa wazee, hulipia daktari, hospitali, na muda mfupi wa kupata nafuu baada ya kulazwa, lakini hailipii chumba na malezi ya kila siku katika nyumba hizi. Anayeweza kulipia malezi ni Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, kwa mzee mwenye kipato na akiba ndogo ambaye tathmini ya DSHS imethibitisha kwamba anahitaji msaada. Mzazi mliyemleta kwa kadi ya kijani (kibali cha ukaazi wa kudumu) kwa kawaida husubiri miaka mitano kabla ya kustahiki Medicaid ya serikali kuu, na aliyesaini hati ya kumdhamini ndiye anayebeba mzigo. Pateni ushauri wa mwanasheria kabla ya kukubali bei.

Kuna nyumba zinazompokea mzee anayejilipia, kisha akiba yake ikiisha zinamtaka aondoke kwa sababu hazichukui Medicaid. Sheria ya jimbo inaitaka nyumba ieleze msimamo wake juu ya jambo hilo kwenye ukurasa wa peke yake. Uombeni ukurasa huo, usomeni wote, na atakayesaini awe mzee mwenyewe au yule mwenye hati ya kumwakilisha. Hati hiyo itengenezwe mapema, wakati mzee bado anaelewa anachokisaini, kwani baadaye njia itakayobaki ni mahakama.

Akishahamia, nyumba ina siku 30 za kukamilisha mpango wa huduma, na familia ishiriki kuuandika: anaamka saa ngapi, anakunywa chai ya aina gani, anaitwaje. Mama aliyezoea kuitwa Mama Fulani asigeuzwe kuwa jina la kwanza tupu. Nyumba ikitaka kumhamisha, kwa kawaida ni lazima itoe notisi ya siku 30 kwa maandishi, yenye sababu. Mkiona haki yake inavunjwa, jimbo lina ombudsmani, yaani mtetezi wa haki, wa wakazi wa nyumba za malezi. Huduma yake ni bure, na mzee au mtoto wake anaweza kumpigia simu bila kupitia kwa mwenye nyumba.