Trikoderma kwa mahindi ya sezoni A: mambo ya kuangalia kabla hujapanda

Wakulima wa Kabare, Walungu mpaka kule Ruzizi, na nyinyi wa Bukavu mjini wenye mashamba ya wazazi kijijini, mvua ya Septemba inakaribia na watu wameanza kuulizana wapi wapate trikoderma ya kuchanganya na mbegu. Ni kitu kizuri, mimi nakiamini kabisa, ila mujue iko hai. Ni kuvu ya udongoni, ni kama levire (hamira) ya mkate, ukiiweka vibaya inakufa kwenye pakiti na hautaona tofauti kwa macho. Na kazi yake ni kukinga, mmea ukishaoza haiuponyi, kwa hiyo maandalizi yote ni ya sasa, si ya Novemba.

Kwanza ujue nini kinakuulia mahindi. Ng'oa mche ulionyauka, osha mizizi. Mizizi mizima ni meupe na imekaza, iliyoshikwa inakuwa ya kahawia na laini, ukiivuta ngozi ya nje inabaki kwenye vidole. Kwa mmea mkubwa pasua shina kule chini na kisu, ukikuta ndani pamelegea na pana rangi ya pinki-pinki, mara nyingi hiyo ni fuzariamu, kuvu mbaya inayoozesha mizizi na shina. Hapo ndo trikoderma iko na kazi: inajizungusha kwenye nyuzi za kuvu mbaya, inayeyusha ngozi yake na kuila, halafu inawahi nafasi na chakula pale kwenye mizizi, na mmea wenyewe nao unaamka unaanza kujikinga. Pitiamu na rizoktonia, zile zinaozesha mbegu hata kabla haijatoka, nazo inazipunguza. Lakini magonjwa ya virusi hapana, kama ule wa kukausha mahindi ulioonekana Kenya mwaka 2011 halafu ukatufikia huku Kivu, na viwavi jeshi pia hapana, usitupe pesa. Ukiwa na mashaka chukua mmea mzima na udongo wake uwapelekee maagronomu, INERA, wale wa utafiti wa kilimo, iko Mulungu, na chuo kikuu cha UEA kiko na fakilte ya agronomia pale Panzi.

Kwenye kununua, soma jina la kuvu, Trichoderma harzianum ama asperellum, na tarehe ya kuisha. Pakiti iliyolala juani kwenye meza ya soko iache hata wakikupunguzia bei. Na kwa sababu ya delestaje, umeme kukatwa-katwa, frigo zetu si za kutegemea, afadhali ununue karibu na siku ya kupanda, uiweke pahali pa baridi na giza.

Halafu mbegu. Mbegu za duka zenye rangi nyekundu ama pinki zimeshapakwa dawa, na mara nyingi ni dawa ya kuua kuvu, sasa utapaka kuvu juu ya dawa ya kuua kuvu? Kwa mbegu kama hizo changanya trikoderma na mbolea utakayoweka kwenye shimo la kupandia badala ya kuipaka. Na basini au bido (jerikani) iliyopitiwa na Dithane, dawa ya kuua kuvu ya nyanya, usiitumie, tafuta chombo kingine.

Mbolea yenyewe iwe imeiva na kupoa, maana ile ya ng'ombe ikiwa bado inatoa moshi joto lake litaiua. Changanya na trikoderma wiki moja au mbili mbele ya kupanda, loanisha, funika na majani ya migomba kivulini. Ukiikamata ngumini ishikane bila kudondosha maji, hapo ni sawa.

Sasa hii naomba muishike sana. Kuna watu wanafikiri kuvu ni kuvu, wanachukua mahindi yaliyoota ukungu wa kijani ghalani wanasema ni trikoderma ya bure. Hapana kabisa! Ule ukungu unaweza kuwa Aspergillus flavus, inatoa aflatoksini, sumu inayoharibu ini na kuleta kansa, na kupika bugali hakuitoi. Zote mbili ni za kijani, kwa jicho hauwezi kuzitenganisha. Wamama ndo wanachambua mahindi nyumbani, wawe wa kwanza kuambiwa.

Siku ya kupanda funga kitambaa puani, vumbi lake si zuri kwa kifua, hasa mwenye asma. Weka mbegu kwenye basini, nyunyiza maji kidogo yenye sukari, mwaga unga wa trikoderma kwa kipimo cha pakiti, viringisha pole pole na mikono mpaka kila punje ishikwe. Anika kivulini kwenye mkeka, panda siku hiyo hiyo udongo ukiwa na maji, na usimwage majivu kwenye shimo hilo. Acha mistari michache bila kupaka, weka kijiti, ndo utajua kwenye shamba lako imefanya nini.