Karatasi ya Daktari Isipitie kwa Supavaiza

Supavaiza wa grinihausi anahitaji kujua mambo mawili kuhusu mfanyakazi mgonjwa: atakosekana hadi lini, na akirudi asipewe kazi gani. Jina la ugonjwa halimhusu. Mimi hutunza faili za wafanyakazi katika shamba la maua hapa Naivasha, na ninawaandikia wenzangu wa ofisi kama yangu.

Anza na simu. Nimeona mara nyingi: mfanyakazi akitoka hospitali humpa supavaiza karatasi, naye huipiga picha na kuitupa kwenye grupu la WhatsApp ili ofisi ipate habari upesi. Kufikia saa nne asubuhi pakihausi nzima, banda la kupakia maua, inajua kwamba mimba ya mama fulani imeharibika, naye bado yuko kitandani. Hili linaniuma kuliko mengine yote, kwa sababu picha ikishasambaa hakuna wa kuirudisha.

Kwa hiyo weka kanuni ya maandishi. Karatasi ailete mwenyewe ofisini, au mtu aliyemchagua yeye, ndani ya bahasha iliyofungwa. Aliyelazwa Nakuru mjini aitume kwa simu ya ofisi inayoshikwa na mtu mmoja. Kwenye grupu andika tu: “Grinihausi 6, mmoja ana ruhusa hadi Ijumaa. Tafuteni wa kushika zamu.” Supavaiza akiuliza, “Kwani ana nini?” mjibu kwa upole kwamba ana ruhusa. Akirudia, mjibu vilevile.

Sheria ya Ajira ya 2007 iko upande wako. Aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo ana haki ya angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu mshahara kila mwaka, mradi alete cheti kinachothibitisha kwamba hawezi kufanya kazi. Ongea na kliniki mnayotumia waandike hivyo hivyo: hawezi kazi, kuanzia lini hadi lini.

Wapiga dawa wahitaji uangalifu zaidi. Hupimwa damu kuangalia kolinesterasi, kimeng'enya kinachosaidia mishipa ya fahamu kufanya kazi, kwa kuwa baadhi ya dawa za wadudu huishusha. Usibandike majibu ukutani pamoja na orodha ya zamu! Kila mmoja apewe yake faraghani na nesi anayeweza kumweleza maana yake, kwa supavaiza liende jina na agizo, “asipige dawa hadi apimwe tena.” Damu hiyo isipimwe kitu kingine kisirisiri. Kumlazimisha mtu kupima virusi vya ukimwi ili apate au abaki na kazi kumekatazwa na sheria ya mwaka 2006.

Faili za afya zikae kabati lao, lenye kufuli. Wa mishahara apewe idadi ya siku tu.

Kuna wakati siri inaweza kumdhuru mwenyewe, mathalani mwenye kifafa anayepanda ngazi. Muulize angependa nani ajue, na ajue nini, kisha aandike na kutia sahihi. Wengi huchagua rafiki wa zamu moja, si mkubwa wao, heshimu hilo.

Habari ikivuja, usiizime. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti, na uvujaji unaoweza kumdhuru mtu huripotiwa kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data ndani ya saa 72. Mfanyakazi naye anaweza kulalamika huko moja kwa moja. Mwonyeshe njia, hata kama anayelalamikiwa ni ofisi yako.