Kupanga Safari ya Kuwinda Kulungu New Zealand Ukiwa Mombasa

Uwindaji wa kujifurahisha ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977, kwa hiyo mkazi wa Mombasa anayetaka kuwinda kihalali hana budi kwenda nchi nyingine. New Zealand yafaa kufikiriwa, kwa kuwa kulungu wake waliletwa na walowezi wa Kiingereza katika karne ya 19, wakaenea porini pasipo mnyama wa kuwala, na leo wanaharibu misitu ya asili hata kuwapunguza kukawa jambo la kuhimizwa.

Kabla ya kutoa arbuni, mwulize mwongozaji kwa maandishi kama kulungu wake wanaishi huru milimani au wamezungushiwa ua. Kwa maoni yangu, wa uani si windo. Uliza pia kama malipo ya siku yanajumuisha bei ya pembe, ambayo mara nyingi hupanda kadiri pembe zilivyo kubwa. Bunduki usihangaike nayo, kwani asiye na leseni huruhusiwa kutumia bunduki ya kawaida ya uwindaji chini ya usimamizi wa karibu wa mwenye leseni.

Mwislamu amweleze mwongozaji mapema kwamba mnyama akikutwa angali hai ni lazima achinjwe, ili kisu kikali kiwe tayari. Hukumu ya aliyekufa kwa risasi muulize shekhe wako kabla ya kuondoka. Nyama yenyewe iliwe huko huko au igawiwe, kwa sababu haivuki mpaka bila vibali vya mifugo.

Kulungu wekundu madume hunguruma kutafuta majike kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Aprili, na huo ndio wakati wa kuwapata kwa urahisi. Omba viza mapema na ununue nguo za sufu. Viatu visuguliwe hadi kwenye mifereji ya soli, kisha uvitaje kwenye fomu ya forodha pamoja na chakula chochote ulichobeba, kwani kutotaja kunaweza kukugharimu faini ya dola 400 za huko papo hapo.

Porini, upepo ndio kila kitu. Mtu wa pwani aliyezoea kaskazi na kusi, zinazovuma miezi mizima upande mmoja, atashangaa kuona kwamba bondeni hewa baridi ya alfajiri huteremka, na jua likishapanda hewa hiyo hiyo hugeuka ikapanda mlima, ikampelekea kulungu harufu yako. Mkaribie upepo ukikupiga usoni. Kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka umwone mnyama mzima, si pembe tu wala kichaka kinachotikisika, maana huenda ni mwindaji mwenzako. Ngoja kulungu akupe ubavu, ulenge nyuma kidogo ya bega. Ukishapiga, tia akilini jiwe au mti aliokuwa karibu nao, kisha umfuate mwongozaji mpaka hapo mkatafute damu.