Kumrudisha Mtoto Shuleni Wakati wa Janga: Namna ya Kufikia Uamuzi

Shule zinapofunguliwa huku ugonjwa ukiwa bado unaenea, mzazi hupata ushauri kutoka kila upande, na sehemu kubwa ya ushauri huo hujaribu kujibu swali lisilo na jibu: je, shule ni salama? Wakati wa janga hakuna shule iliyo salama kabisa, na nyumba nayo haiko salama kabisa. Swali ambalo mzazi anaweza kulijibu ni dogo zaidi: kwa mtoto huyu, anayeishi na watu hawa, akienda katika shule hii kwa majuma matatu au manne yajayo, ni ipi iliyo kubwa zaidi, hasara ya kwenda au hasara ya kubaki? Swali likiwekwa hivyo, mtu anaweza kukusanya anachohitaji kujua ndani ya siku chache, akaamua, kisha akawa tayari kuamua tena hali ikibadilika.

Anza na ugonjwa wenyewe

Magonjwa hayafanani, na tahadhari iliyofaa katika janga moja huenda isifae katika jingine. Polio iliwalemaza zaidi watoto wadogo. Homa ya mafua ya mwaka 1918 iliua kwa wingi watu wazima wenye nguvu zao, wa kati ya miaka 20 na 40. UVIKO-19, ambao Shirika la Afya Duniani liliutangaza kuwa janga tarehe 11 Machi 2020, uliwaelemea wazee na wenye maradhi ya kudumu, ilhali watoto wengi walioambukizwa waliugua kidogo au hawakuonyesha dalili yoyote. Wachache sana walipatwa, majuma mawili hadi sita baada ya maambukizi, na hali kali ya uvimbe katika viungo mbalimbali iliyowalaza hospitalini. Kwa hiyo, kabla ya jambo jingine lolote, tafuta katika taarifa za wizara ya afya mambo mawili: ugonjwa huu unawaumiza akina nani, na unapita njia gani kutoka kwa mtu hadi kwa mtu. Jambo la kwanza litakuonyesha umwogopee nani nyumbani kwako. La pili litakuonyesha utazame nini ukifika shuleni.

Kisha angalia hali ya mahali unapoishi, si ya nchi nzima, kwa kuwa wastani wa taifa huweza kuficha mji unaoungua na mwingine uliotulia. Linganisha wagonjwa wapya wa juma hili na wa majuma mawili yaliyopita, ukijua kwamba mwelekeo wa idadi una maana kuliko idadi yenyewe. Kama sehemu ya vipimo vinavyorudi na maambukizi hutangazwa, isome pia: mwezi Mei mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kiwango cha chini ya asilimia 5 kwa majuma mawili kuwa mojawapo ya dalili kwamba maambukizi ya UVIKO-19 yamedhibitiwa. Mahali ambapo watu wachache tu hupimwa, idadi ndogo ya wagonjwa haithibitishi chochote, na ni heri kumuuliza mhudumu wa afya wa karibu kama wodi zinajaa.

Watu wa nyumbani

Mara nyingi aliye hatarini zaidi si mtoto anayekwenda shule bali ni mtu anayemsubiri nyumbani. Orodhesha kila anayelala chini ya paa lenu na kila anayemlea mtoto mchana, akiwemo dada wa kazi na jirani anayempokea jioni, kisha uandike umri wa kila mmoja, maradhi aliyonayo na kama amechanjwa, iwapo chanjo ipo. Ikiwa mtoto mwenyewe ana sikoseli, kisukari, ugonjwa wa moyo, pumu inayomsumbua mara kwa mara, au anatumia dawa zinazopunguza kinga ya mwili, usitegemee orodha za jumla zinazosambazwa kwenye simu. Muulize daktari anayemjua mtoto huyo, na umuulize kuhusu ugonjwa huu hasa, kwa sababu hali inayotisha katika janga moja huweza isiwe na uzito sana katika jingine.

Hapa wazazi wengi huishia kwenye njia panda isiyo ya lazima: ama mtoto asome, ama bibi abaki salama. Katikati yake kuna mambo kadhaa yanayoweza kufanyika. Mjukuu anayelala chumba kimoja na bibi yake anaweza kuhamishiwa kwingine, hata kama ni kwa godoro la sebuleni. Chakula cha jioni kinaweza kuliwa barazani au karibu na dirisha lililo wazi. Kazi ya kumpokea mtoto getini inaweza kukabidhiwa kijana wa nyumbani badala ya babu. Mipango hiyo haiondoi hatari, lakini huipunguza kiasi cha kubadili hesabu. Ipo pia nyumba ambayo hesabu haibadiliki: anapoishi mgonjwa aliye katikati ya matibabu ya saratani, katika vyumba viwili vya watu saba, mtoto kubaki nyumbani kwa muda ni uamuzi wa busara usiohitaji kuombewa radhi.

Nenda shuleni ukajionee

Barua ya shule inayosema kwamba miongozo yote imezingatiwa haijakuambia lolote. Omba kwenda mwenyewe, ikiwezekana siku ya masomo, na ufike wakati wa kutoka darasani, maana hapo ndipo mpango uliopangwa vizuri kwenye karatasi huonekana kama unatekelezeka.

Kwa ugonjwa unaosambaa kwa njia ya hewa, kagua hewa kabla ya ndoo za maji. Simama katikati ya darasa la mwanao na uhesabu madirisha yanayofunguka kweli. Utashangaa ni mangapi yamepigwa misumari, yamekwama kwa rangi, au yamezibwa na kabati la vitabu. Tazama kama kuna uwazi pande mbili zinazokabiliana, ili upepo uingie huku na kutokea kule. Dirisha moja lililo karibu na mlango halisaidii sana waliokaa pembe ya nyuma. Kiyoyozi kinachozungusha hewa ileile ya ndani hakihesabiki kuwa ni hewa safi. Shule nyingine huwa na kifaa cha kupimia hewa ya ukaa, ile tunayoitoa tunapopumua, ambayo hurundikana darasani hewa isipobadilishwa. Hewa ya nje ina takriban sehemu 420 kwa kila milioni, na darasa lenye watu likikaa chini ya 800 au karibu na hapo, hewa yake inabadilishwa vizuri.

Mifano miwili ya mwaka 2020 inaonyesha jinsi mambo haya yanavyoweza kuamua matokeo. Denmark ilianza kuwarudisha watoto wadogo tarehe 15 Aprili, ikawagawa katika vikundi vidogo visivyochangamana, ikatenganisha madawati na kufundisha nje kila ilipowezekana, na ongezeko kubwa la maambukizi lililohofiwa halikutokea. Israeli ilifungua shule zake zote mwezi Mei, na siku kumi hivi baadaye shule moja ya sekondari mjini Jerusalem ikapata mlipuko uliowakumba wanafunzi 153 na wafanyakazi 25. Madarasa yalikuwa na wanafunzi zaidi ya 30, na katika siku za joto kali wanafunzi walikuwa wameruhusiwa kuvua barakoa huku viyoyozi vikiendeshwa. Kiwango cha ugonjwa katika nchi na umri wa wanafunzi vilichangia pia, kwa hiyo mifano hii haimaanishi kwamba Denmark ilikuwa na siri fulani. Inamaanisha kwamba kauli ya kuwa shule zimefunguliwa haitoshi mpaka ujue zimefunguliwa namna gani.

Kuhusu barakoa, mwongozo uliotolewa na Shirika la Afya Duniani pamoja na UNICEF mwezi Agosti mwaka huo ulisema kwamba watoto wa miaka 5 na chini yake wasilazimishwe, wa miaka 6 hadi 11 waamuliwe kulingana na hali ya maambukizi na uwezo wao wa kuivaa vizuri, na wa miaka 12 na zaidi wafuate utaratibu wa watu wazima. Kipimajoto cha getini kina manufaa madogo kuliko kinavyoonekana, kwa sababu watoto wengi wenye maambukizi hawana homa. Maji na sabuni vinahitajika kwa magonjwa mengi. Hakikisha tu kwamba bomba linatoa maji na sabuni haijafungiwa ofisini.

Kabla ya kuondoka, muulize mwalimu mkuu swali moja ukimpa mfano kamili: mtoto wa darasa hili akianza kukohoa saa nne asubuhi, nini kinafuata? Mwalimu aliyejiandaa atakueleza mtoto atakaa chumba gani, nani atakaa naye, nani atapigiwa simu, wazazi wa wenzake wataarifiwa siku ileile au la, na masomo yataendeleaje ikiwa darasa litaagizwa kukaa nyumbani. Asiyejiandaa atakuambia usiwe na wasiwasi. Uliza pia kuhusu basi la shule na, kwa shule za bweni, umbali kati ya vitanda, kwa kuwa watoto waliotenganishwa darasani kutwa hawajatenganishwa ikiwa wanarudi nyumbani wakibanana watatu kwenye kiti cha wawili.

Hasara ya kubaki nyumbani

Upande huu hupimwa kwa haraka mno, kwa sababu madhara yake hayaonekani kwa siku moja. Uganda ilifunga shule mwezi Machi mwaka 2020 na haikuzifungua kikamilifu hadi Januari mwaka 2022, ukiacha vipindi vifupi vya kurudi kwa baadhi ya madarasa. Katika muda huo wasichana walipata mimba, wavulana wakaingia kwenye vibarua, na baadhi yao hawakurudi tena. Mwaka 2020 UNESCO ilikadiria kwamba wanafunzi wapatao milioni 24 duniani walikuwa katika hatari ya kutorudi darasani. Watoto wapatao milioni 370 walikosa mlo wa shule, na kwa wengi wao huo ndio mlo wa uhakika wa siku.

Jiulize mwanao amefanya nini hasa katika juma lililopita akiwa nyumbani. Fungua daftari lake, usiridhike na jibu lake. Mtoto wa darasa la kwanza au la pili anayejifunza kusoma hupoteza mengi asipokuwa na mtu wa kumsikiliza kila siku, na mwenye ulemavu huweza kukosa huduma anazozipata shuleni peke yake. Mwanafunzi wa darasa la mtihani aliye na vitabu na bidii huweza kujisukuma kwa miezi kadhaa, ingawa huyo ndiye ambaye wazazi humhofia zaidi. Usisahau hali ya mzazi mwenyewe: mama anayelazimika kuacha kazi ili akae na watoto ameingiza hatari nyingine ndani ya nyumba, nayo ihesabiwe.

Kuamua na kuweka masharti

Wazazi wawili wanapotofautiana, kubishana juu ya nani anaogopa kupita kiasi hakuwafikishi popote. Kila mmoja aandike ni nini kitakachombadilisha mawazo, kwa mfano wagonjwa wapya kuongezeka maradufu kwa majuma mawili, mwalimu wa darasa kuugua, bibi kuhamia nyumbani, au upande wa pili, madirisha ya darasa kufunguliwa na vikundi kupunguzwa. Mara nyingi orodha hizo hufanana kuliko ilivyotarajiwa. Kijana wa sekondari asikilizwe kwa makini, kwa kuwa yeye ndiye atakayevaa barakoa au kuivua pasipo na mtu mzima. Mtoto mdogo aulizwe anachokiogopa, lakini mzigo wa kuamua asitwishwe.

Wekeni tarehe ya kuutazama upya uamuzi, wiki tatu hivi baada ya shule kufunguliwa. Muda huo una sababu yake: dalili za UVIKO-19, kwa mfano, zilijitokeza ndani ya siku 2 hadi 14 baada ya kuambukizwa, hivyo athari za siku za kwanza darasani hazikuweza kuonekana kabla ya muda huo kupita.

Mkiamua abaki, iandikieni shule mkieleza sababu na tarehe ya kupitia upya uamuzi, mpate jibu la maandishi kwamba nafasi yake ipo, na muafikiane na mwalimu kazi zipi atatumiwa na zitasahihishwa na nani. Mtoto anayefanya mazoezi yasiyosahihishwa huacha kuyafanya.

Mkiamua aende, mfundisheni mapema kushika barakoa kwa kamba zake, na kuiweka wapi anapokula. Tafuteni mtu anayeweza kumfuata shuleni ndani ya saa moja mkipigiwa simu, na mkubaliane naye kabla ya siku yenyewe. Zaidi ya hayo, fuateni kanuni moja bila ubaguzi, hata asubuhi ya mtihani: akiamka na dalili, haendi. Pigeni simu shuleni asubuhi hiyohiyo na kutaja aliokaa nao karibu katika siku mbili zilizotangulia, kwa sababu mtu mwenye UVIKO-19 huweza kuwaambukiza wengine siku mbili hivi kabla ya yeye mwenyewe kujisikia vibaya, na wazazi wa watoto hao nao wana watu wao nyumbani.